Ghuli wa Seif na zimwi la Bibi

Maskati, Jumapili usiku

Bibi yangu,

Shikamoo. Mimi mzima, alhamdulillahi. Duka linakwenda na joto limeanza kutuonea huruma. Najua Seif ndiye anayekusomea, basi nianze na lake, wewe nivumilie.

Seif, uliniuliza kwenye simu kama yule "ghoul" wa gemu lako, anayefukua makaburi akala maiti, ni shetani wa Kizungu. Wapi! Ni Mwarabu, jina lake ghul, na sisi tungemwita ghuli. Ijumaa iliyopita tulipanda Jabal Shams na wenzangu wa dukani. Tulipoipita Al Hamra tukakuta kijiji kinaitwa Ghul, magofu ya mawe ubavuni mwa bonde, nyumba mpya ng'ambo yake. Bangoni herufi ni zile zile: ghaini, wau, lamu. Nikacheka peke yangu garini. Sisemi kijiji kimeitwa kwa ajili ya zimwi, lakini mzee aliyekuwa akiendesha, mzaliwa wa Unguja ambaye Kiswahili chake kinanishinda mimi, akaniuliza nacheka nini. Ndipo akanifungulia neno.

Akaanza na kitenzi, "ghala". Si ghala la karafuu, Bibi! Kwa Kiarabu ni kumvamia mtu hana habari, ukammaliza. Kiongozi akiuliwa kwa hila, taarifa ya habari ya huku husema "ightiyal", na hilo limetoka humo humo. Ghuli wa mabedui hakuwa na shughuli na wafu. Makao yake jangwani, kazi yake kuvizia wasafiri. Atajigeuza mwanamke, atawasha moto usiku, mtu ataufuata mpaka apotee. Umbo lolote analiweza, ila miguu humsaliti: hubaki kwato za punda. Na kumuua ni pigo moja tu, ukiongeza la pili anafufuka. Wewe Seif, kwenye simu unampiga mara ngapi, mia?

Makaburi aliyapatia Ufaransa. Antoine Galland aliitoa Alfu Lela Ulela kwa Kifaransa, juzuu baada ya juzuu, tangu 1704 hadi 1717. Visa vingine havikuwamo katika hati yake ya Kiarabu. Alisimuliwa Paris mwaka 1709 na Hanna Diyab, kijana wa Halab, huko Syria. Kimojawapo ni cha Sidi Numan. Mkewe, Amina, akipakuliwa wali hula punje moja moja, anaidona kwa kijiti kama cha kuchokolea masikio. Mume akaingiwa na shaka, usiku akamfuata nyuma, akamkuta mavani na ghuli, wamekaa wanakula maiti. Hapo Galland anaeleza kwamba maghuli wakikosa wapita njia hufukua makaburi. Wapo wanazuoni wanaosema hilo kalitia mwenyewe, nami nawaamini. Mwaka 1786 riwaya ya William Beckford, aliyoiandika kwa Kifaransa, ikatoka kwa Kiingereza na neno hilo ndani yake, na tangu hapo ghuli hajatoka tena mavani. Huyo ndiye aliyekufikia wewe, Wete nzima hiyo, kwenye simu yenye kioo kilichopasuka.

Haya Bibi, zamu yako. Ulipokuwa ukitupigia "Paukwa!" sisi tukiitika "Pakawa!" huku tumeng'ang'ania kanga yako, zimwi lako halikufukua mtu. Lilikuja mchana kweupe, kijana mzuri, limevaa kanzu, linaposa. Mabedui wangekuelewa kuliko wanavyomwelewa Seif.

Na kuna hili ulilotusomesha bila kututajia jina la mwizi. Katika kitabu cha hadithi za Mtume cha Tirmidhi, Abu Ayyub al-Ansari alikuwa na tende ameziweka nyumbani, ghuli akawa anaingia anachukua. Akamkamata, ghuli akaapa harudi, akarudi. Mara ya tatu ghuli akamwambia: soma Ayatul Kursiyyu nyumbani mwako, hatakukaribia shetani. Mtume (S.A.W.) akasema amesema kweli, naye ni mwongo. Ndiyo ile uliyokuwa ukitusomea kila usiku kabla hujapunguza utambi. Kumbe mambo yote yalianzia kwenye tende!

Tende, nazo, nimempa mtu anayekuja Alhamisi, kilo tano, fungu lako limefungwa kwenye kitambaa cha kijani. Seif akikwambia zimepungua na hajui zilikokwenda, mwambie avue viatu umtazame miguu.

Wako,
Mjukuu wako