Barua ya wazi kwa mwenyekiti wa SEC: neno "hadi" lituambie pesa ni ngapi

Mheshimiwa Mwenyekiti,
Tume ya Dhamana na Masoko ya Hisa ya Marekani, Washington

Salaam kwa heshima. Mimi ni Mkenya, fundi wa elektroniki za ndege hapa Fort Worth, Texas, na mweka hazina wa chama chetu cha watu tisa. Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu hii ndiyo lugha tunayojadiliana nayo pesa zetu, na wenzangu wana haki ya kusoma ninachosema kwa niaba yao.

Mwaka juzi tulinunua hisa za kampuni ndogo inayotengeneza swichi za mtandao wa data kwa ndege za kivita. Mimi ndiye niliyewashawishi wenzangu, maana kazi hii naijua kwa mikono. Njia ya data iliyozoeleka ndani ya ndege hizo huitwa 1553, na viwango vyake vilitolewa mwaka 1973. Ni nyaya mbili zilizosokotwa pamoja na kuvikwa wavu wa shaba. Zinabeba megabiti 1 kwa sekunde, na vifaa visivyozidi 31 hupokezana zamu chini ya msimamizi mmoja. Nikiwa mwanagenzi nilifundishwa kuukunja wavu ule nyuma ya konekta kwa uangalifu, kwani uzi mmoja wa shaba ukigusa pini, laini inaweza kunyamaza. Naiheshimu sana njia hiyo. Lakini picha za rada na kamera za leo haziwezi kupita humo, ndiyo maana ndege mpya ya kivita, F-35, ina mtandao wa nyuzi za kioo, na zile za zamani, F-16, zinazoboreshwa huongezewa njia ya data yenye kasi. Mahitaji yapo kweli, na wawekezaji hawakosei kuyaona.

Shida yetu ilitoka kwenye tangazo. Kampuni ilisema imepata mkataba wa kijeshi "wa hadi dola milioni 40", na hisa ikapanda siku hiyo hiyo. Dada mmoja wa chama, anayefanya zamu ya usiku katika nyumba ya kutunzia wazee, alinipigia: "Kaka, hizo pesa wameshapewa?" Nikamwambia ndiyo. Niliamini hivyo. Ripoti ya mwaka ilipotoka nikakuta, kurasa za ndani kabisa, kwamba oda zilizotolewa hazikufika hata dola 400,000. Zile milioni 40 zilikuwa kikomo tu. Katika mkataba wa namna hiyo serikali inafungwa na kiwango cha chini kilichoandikwa, hailazimiki kukifikia kikomo, na inaweza kuuvunja kwa manufaa yake hata kama kampuni haijakosea. Tena, kabla kifaa hakijafungwa ndegeni hupimwa kwa mtikisiko, joto, baridi na mawimbi ya sumaku-umeme, na upimaji huo huchukua muda mrefu, kwa hiyo hata oda zikija huenda zikachelewa.

Mheshimiwa, Wizara ya Ulinzi yenyewe hutangaza kila siku ya kazi mikataba yake mikubwa, na kwa kawaida tangazo hueleza ni kiasi gani kimetengwa siku ya kusaini. Basi kampuni isijifiche nyuma ya siri za kijeshi. Ombi letu ni kwamba kila kampuni iliyo sokoni inapotaja kikomo cha mkataba wa serikali, itaje katika sentensi hiyo hiyo kiasi kilichokwisha kutengwa na kiwango cha chini kilichohakikishwa. Isiwe kwenye maandishi madogo ya mwisho, wala kusubiri ripoti ya mwaka. Dada yule angepata jibu lake bila kunitegemea mimi.

Hisa bado tunazo. Tunakutana Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi, na nimewaahidi wenzangu kwamba jibu lako likija, nitalisoma mbele yao wote kabla ya kukusanya mchango.

Wako mwaminifu,
Mweka hazina wa chama
Fort Worth, Texas