Barua kutoka Voi: Nimepanda Kasigau

Voi,
Jumatatu usiku.

Kwako shoga yangu Mwanaidi,

Assalamu alaikum. Natumai barua hii itakukuta salama, wewe na watoto na Mama. Mimi ni mzima, ila magoti yananiuma na nyayo zimetoka malengelenge, kwa hiyo nimetia miguu kwenye beseni la maji ya chumvi huku naandika. Nilikuahidi kwamba siku nikipanda Kasigau utakuwa wa kwanza kuhadithiwa. Nimepanda juzi Jumamosi. Na kuna jambo nililolikuta kule ambalo linakuhusu wewe uliyeko Malindi. Nitalifikia.

Mlima wenyewe unaujua kwa mbali. Ni ule unaouona ukiwa kwenye basi la Nairobi, ukikaribia Maungu, upande wa kushoto, umesimama peke yake katikati ya nyika kama jahazi lililotia nanga. Abiria huuliza jina lake, wakifika Voi wameshalisahau. Wageni wakija huku hutaka Tsavo na tembo wake, wala hakuna anayewaambia kuhusu Kasigau. Urefu wake ni mita 1,641 tu, lakini unaanza chini kwenye nyika na kwenda juu moja kwa moja bila kukupumzisha. Ni jamaa wa milima ya Taita, na wote ni wa Tao la Mashariki, ukoo mmoja na Usambara na Uluguru kule Tanzania. Nyika ikikauka hadi mbuzi wanakosa jani, kileleni kuna msitu mbichi.

Niliondoka Ijumaa baada ya kazi. Kutoka Maungu ni barabara ya vumbi jekundu hadi vijiji vinavyouzunguka mlima: Rukanga, Jora, Bungule, Makwasinyi na Kiteghe. Njiani tulisimamishwa na tembo karibu nusu saa, mama na watoto wawili, wekundu kama ile barabara. Dereva akazima injini, na mle ndani hakuna aliyenyanyua sauti hata mtoto. Nilifika Bungule giza limeingia, nikapewa kimanga cha moto, chakula cha Kitaita, na chai, nikalala.

Mwelekezi wangu alikuja saa kumi na moja na nusu alfajiri. Nilikuwa nimetarajia kijana, akaja mzee wa miaka sabini na kitu, panga kiunoni na fimbo mkononi, viatu vya raba bila soksi. Nikamwambia, "Shikamoo, Baba, tutaweza kweli?" Akajibu, "Marahaba mwanangu, mimi nitaweza." Basi nikamfuata.

Mwanzo ni mashamba, kisha vichaka vya miiba na mawe ambayo saa mbili tu yalikuwa yameshapata moto. Njia inakwenda sambamba na bomba la maji. Bomba hilo linateremka kutoka msituni hadi kijijini, na ndilo wanaloishi kwalo, kwa sababu huku chini hakuna mto. Mahali pamoja kiungo kilikuwa kinavuja, kimefungwa kwa ukanda wa mpira wa tairi, na chini yake palikuwa na tope dogo lisilozidi sahani, limejaa vipepeo wa manjano wanaokunywa. Mzee akachutama, vipepeo wakaruka, akaukaza ule ukanda kwa meno na vidole, akangoja kuona kama tone jingine litatoka. Halikutoka. Tukaendelea. Nadhani tulisimama hivyo mara nne, na kila mara alikuwa anakijua kiungo kabla hatujakifikia.

Saa nne hivi tuliingia msituni. Sijui nikueleze vipi, Mwanaidi. Ni kama kutoka juani Biashara Street ukaingia msikitini. Ubaridi unakupokea shingoni, sauti zinapungua, na ardhi inakuwa laini chini ya mguu. Miti imevaa kitu cha kijani kama zulia, kutoka shinani hadi kwenye matawi, na okidi zimejishikiza humo. Mzee akaniambia niweke kiganja kwenye gogo na nikandamize. Nikakandamiza. Maji yakatiririka hadi kwenye kiwiko, baridi, na hapo ilikuwa mwezi wa pili tangu mvua inyeshe Voi! Akasema, "Hii ndiyo mvua yetu." Ukungu unaletwa na upepo wa bahari, huo huo unaokupigia milango hapo kwako. Unavuka nyika yote bila kuacha tone, unagonga kilele hiki, miti inaukamua, na maji yanaingia kwenye lile bomba. Ndiyo maana mtu akikata mti huku juu kijiji kizima humjia juu. Msitu wenyewe umebaki mdogo, kofia tu kichwani mwa mlima.

Tulimwona pia yule ndege mdogo mwenye duara jeupe kuzunguka jicho, kama aliyevaa miwani. Walikuwa sita au saba wanapita kwa fujo kwenye matawi. Dunia nzima yuko kwenye vilele vya Taita na hapa tu. Nilibaki nimeinua shingo hadi mzee akaniita.

Sasa lile jambo.

Karibu na juu, njia inatokeza kwenye mwamba ulio wazi. Pana mawe yamepangwa kwa mkono, kama ukuta uliokuja magotini, sehemu kubwa umeshaanguka. Mzee alisema hapo walikuwa wanakaa walinzi wa Vita vya Kwanza vya Dunia, kuangalia nani anakuja. Tulikuta ukungu umefunika kila kitu. Nikataka tushuke, akasema tungoje. Tukakaa tukala viazi vya kuchemsha na chumvi. Baada ya muda mrefu ukungu ukapasuka chini kwanza, nikaona wekundu wa nyika, kisha barabara, kisha vilima vya Maungu upande wa kaskazini, na kaskazini-magharibi safu ya Taita yote. Kusini milima ya Tanzania ilikuwa ya buluu, tabaka juu ya tabaka. Hapo nikaelewa bila kuambiwa kwa nini majeshi yaligombania jiwe hili. Wajerumani walikuwa upande ule wa kusini, na Taveta waliichukua tangu 1914. Nyuma ya Maungu inapita reli ya Mombasa, ambayo Waingereza hawangeweza kupigana bila hiyo, na vikosi vidogo vya Wajerumani vilikuwa vinavuka nyika hii isiyo na maji kwenda kuilipua. Mwenye kushika Kasigau huona vumbi la kila mtu.

Waingereza waliweka kikosi hapa, na mwaka 1915 Wajerumani wakakishambulia. Waingereza wakasema wenyeji ndio waliowaonyesha adui njia. Basi wakawaadhibu watu wote wa Kasigau, wazee kwa watoto. Nyumba zikachomwa, watu wakahamishwa kwa nguvu wakapelekwa Malindi. Ndiyo, Malindi yako! Watu wa mlimani, waliozoea baridi ya ukungu, wakatupwa pwani kwenye joto na malaria, hawana shamba wala mfugo. Walikufa wengi sana. Mwishoni mwa mwaka ule ule Wajerumani waliuteka mlima, ukiwa hauna wenyeji wake, na mwanzoni mwa 1916 wakaondoka vita viliposogea kusini. Vita vyenyewe viliisha 1918. Watu wa Kasigau waliobaki hai hawakurudi hadi miaka ya 1930.

Mzee alinieleza haya akiwa amekaa juu ya ule ukuta, anamenya kiazi. Bibi yake alipelekwa Malindi akiwa msichana mdogo, na alirudi mtu mzima mwenye watoto. Ndugu zake wawili hawakurudi. Nilipomuuliza kama kweli waliwaonyesha Wajerumani njia, alinyamaza kidogo, kisha akaniambia, "Mwanangu, njia hizi ni za kuendea maji. Mtu akiwa na macho ataziona." Mwanaidi, sikuwa na la kumjibu. Nilikuwa nimepanda kwa njia hizo hizo tangu alfajiri, nyuma ya mtu anayelipwa kuzionyesha.

Nimesoma shule hapa hapa mkoa wa Pwani, nikafundishwa Bismarck na vita vya Ulaya tarehe kwa tarehe, na sikumbuki kufundishwa jambo hili hata siku moja. Linaniuma. Makaburi ya askari wa vita hivyo yapo Voi, Maktau na Taveta, yametunzwa vizuri, nyasi zimekatwa, kila jiwe na jina lake. Si vibaya, nao walikuwa watoto wa watu. Lakini mzee hana hata mahali pa kuelekezea dua.

Hili ndilo ninalokuomba. Wewe unajuana na wazee wa Malindi kuliko mimi. Babu yako wa Shela amepita miaka tisini, na wapo wengine anaokaa nao barazani baada ya Alasiri. Waulize kama waliwahi kusikia kwa wazazi wao habari za Wataita walioletwa wakati wa vita. Walikaa mtaa gani, walizikwa wapi, kama kuna waliooa au kuolewa wakabaki huko. Uliza taratibu, usiwachoshe, na uandike unachoambiwa hata kama ni jina la mti tu au la kisima. Mzee alinipa majina ya wale ndugu wawili ambao hawakurudi. Sitayaandika kwenye karatasi, nitakutajia tukionana.

Kushuka kulikuwa kugumu kuliko kupanda. Magoti yalianza kutetemeka kwenye yale mawe, nikateleza mara mbili, na mara ya pili mzee alinishika mkono hakuuachilia hadi tukafika mashambani. Kiungo cha kwanza, kile cha vipepeo, kilikuwa bado kikavu. Aliangalia, akapita.

Likizo ya Desemba njoo twende pamoja. Leta viatu vyenye meno, chupa mbili za maji na sweta, usinicheke, utalihitaji. Nimemwambia mzee kwamba nina rafiki Malindi. Amesema atangoja.

Nisalimie Mama sana, mwambie nimemnunulia asali ya Rukanga, nitaituma na matatu wiki hii.

Wako wa daima,
Rukia