Kwa mdogo wangu asiyetaka hesabu

Mdogo wangu,

Simu zangu hupokei, basi nakuandikia hapa hapa, watu wasome. Na wewe ulinisema mbele za watu. Arobaini ya mama, pilau bado linafuka moshi kwenye masinia, wajomba wote wako mkekani, ukatamka: "Uhasibu sikuutaka mimi, dada ndiye aliyenisukumiza." Mjomba mkubwa akaacha kutafuna. Mimi nikajifanya nafuata maji ya kunawa.

Haya, hesabu huzipendi. Lakini ulipomaliza kidato cha nne nilikuuliza unataka kusomea nini, ukanijibu, "Chochote tu, dada." Chochote ndicho nilichokutafutia. Kila ofisi ina mhasibu, na ada, kodi ya nyumba, dawa za mama, vyote vilikuwa juu yangu. Ulitaka nibahatishe?

Hata hivyo nilikuona ulivyomuuguza mama baada ya kile kiharusi. Bakuli moja la uji lilikuwa kazi ya asubuhi nzima. Unampa kijiko, unangoja ameze, unamfuta ule upande wa mdomo uliolegea, unamsimulia mechi ya Coastal Union iliyokwisha kitambo, ndipo unarudi kwenye kijiko. Hukuwahi kumharakisha. Mimi subira hiyo sikujaliwa, na wewe unajua.

Wapo wanaolipwa mshahara kwa subira hiyo. Hospitali ya KCMC pale Moshi wanafundisha tiba kwa vitendo: unamrudisha aliyepooza kwenye kushika kikombe, kuchana nywele, kufunga kifungo cha shati. Kifungo kimoja tu kinaweza kula wiki, na mgonjwa akakasirika akakitupa kijiko. Biolojia na Kemia ulifaulu, kaulizie. Uuguzi usiukimbilie kwa kudhani ni kitu kilekile. Dozi ya mtoto hupigwa hesabu kwa kilo zake, na ukikosea huko hakuna cha kufuta.

Ukiona hospitali imekuchosha, kuna ukalimani wa lugha ya alama. Yule anayesimama kwenye kona ya televisheni wakati wa taarifa ya habari hakuokota ufundi ule njiani, alikaa na viziwi miaka. Mahakamani na hospitalini nako anahitajika. Au nenda Unguja, kwenye Nyaraka za Taifa pale Kilimani, kuna karatasi za enzi za masultani zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu. Chuoni kwa maalimu wewe ndiye uliyekuwa ukisoma mwandiko uliotushinda sote. Karatasi kuukuu haitaki mtu wa pupa.

Mbona haya hukuyataja mwenyewe? Ungeniambia hata kwa ujumbe mfupi, ningebishana nawe, mwisho ningekubali. Ulinyamaza mpaka mama akalala kaburini, ukanigeuza mimi mwenye kosa mbele ya watu wasiotoa hata nauli ya kumpeleka kliniki. Fedha nilizotuma nani aliziona? Uji waliuona.

Chakula unakula lakini? Shangazi anasema umekonda.

Chagua, uniletee fomu. Ada ya mwaka wa kwanza nitalipa, na safari hii wajomba uwaambie na hilo.

Dada yako