Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Kihispania cha Afrika na Akademia Yake

Ndugu wanachama,

Kwa mujibu wa katiba yetu, naweka mbele yenu taarifa ya chama chetu cha walimu na wafasiri wa Kihispania kwa mwaka unaokwisha. Hesabu za fedha atazisoma mtunza hazina, na majina ya wanachama wapya anayo katibu. Mimi nitakaa kwenye jambo lililochukua vikao vingi kuliko yote: Akademia ya Kihispania ya Guinea ya Ikweta, yaani chombo cha wataalamu kinachoshughulikia lugha hiyo nchini humo, na nafasi yake katika kazi zetu.

Kwa muda mrefu tumefundisha Kihispania kana kwamba makao yake ni Madrid peke yake. Akademia ya Kifalme ya Madrid ni mama wa zote, hilo halina ubishi. Iliasisiwa mwaka 1713, Mfalme Felipe wa Tano akaipa idhini mwaka uliofuata, na kamusi yake ya kwanza ilitoka kwa majuzuu sita kati ya 1726 na 1739. Lakini Colombia iliunda akademia yake mwaka 1871, nchi nyingine zikafuata, na mwaka 1951 akademia hizo zilikutana Mexico na kuanzisha jumuiya yao. Guinea ya Ikweta iliunda yake mwaka 2013 na kupokewa katika jumuiya mwaka 2016, ikawa ya 23. Barani Afrika ni hiyo tu, katika nchi ambayo Kihispania ni lugha ya shule na ofisi huku nyumbani watu wakizungumza Kifang, Kibubi, Kindowe, Kiannobon au Kipichi. Umoja wa Afrika nao unakitambua Kihispania pamoja na Kiswahili kuwa lugha zake rasmi. Mfasiri wa Kiswahili na Kihispania asiyekijua Kihispania cha Malabo na Bata, miji ya nchi hiyo, ana pengo katika kazi yake.

Nianze na swali ambalo wanachama wameliuliza mara nyingi: neno linaingiaje katika kamusi ya akademia? Halipigiwi kura ya kupendwa. Pendekezo linaweza kutoka kwa mwanaakademia, kwa akademia dada, au kwa msomaji yeyote kupitia kitengo cha mapendekezo kinachojulikana kwa kifupi cha UNIDRAE. Wataalamu wa Taasisi ya Leksikografia, yaani utungaji wa kamusi, hulitafutia ushahidi: limetumika wapi, tangu lini, na nani, katika matini za aina gani. Faili hilo hupita kwenye tume ya wanaakademia, na neno linaloihusu nchi fulani hupelekwa kwa akademia ya nchi hiyo ili itoe maoni. Likikubaliwa linaingizwa kwenye kamusi ya mtandaoni, ambayo tangu 2017 imekuwa ikifanyiwa marekebisho kila mwaka. Toleo la 23 la mwaka 2014, lenye vidahizo (maneno yanayofafanuliwa) 93,111, kwa hiyo si neno la mwisho. Anayenukuu kamusi hiyo ataje kama ametumia kitabu au mtandao, na ameangalia lini. Bila hivyo wafasiri wawili wanaweza kubishana siku nzima, kila mmoja akiwa sahihi kwa nakala yake.

Ushahidi wenyewe hutoka zaidi katika kopasi, yaani hazina kubwa ya matini zinazotafutika kwa kompyuta. Ile ya karne hii, CORPES, inakusanya matini za tangu 2001, na mpango wake ni asilimia 70 kwa Amerika na 30 kwa Uhispania. Guinea ya Ikweta imo, lakini kwa kiasi kidogo sana. Hapa ndipo wengi wetu huteleza. Mwanafunzi anatafuta neno la Malabo, anapata mfano mmoja au hapati kitu, naye anaandika kwamba neno halipo. Lipo, kilichokosekana ni maandishi. Nchi yenye vitabu vichache vilivyochapwa itaonekana bubu ndani ya kopasi hata kama watu wake wanaongea tangu alfajiri.

Chukueni neno *contrití*. Kwa Waguinea ni chai ya mchaichai, na asili yake ni Kiingereza cha pwani ya Afrika Magharibi. *Malamba* ni pombe ya miwa, na *topé* ni tembo la mchikichi. Mfasiri wetu anayeandika tu «chai ya majani» au «pombe» anapoteza kitu ambacho Kiswahili kinacho tayari. Mchaichai uko hapa, tembo liko hapa, na msomaji wa Tanga ataelewa mara moja kuliko msomaji wa Sevilla.

Sarufi inahitaji uangalifu zaidi. Waguinea wengi husema *voy en Bata* («naenda Bata») pale ambapo kawaida ya vitabu ni *voy a Bata*, na hukichanganya kiwakilishi cha heshima *usted* na kitenzi cha *tú*, yaani «wewe» wa kawaida: *usted quieres* («unataka»). Kamati ya ufundishaji imeafikiana hivi. Katika usikilizaji na usomaji, mwanafunzi afundishwe kuyatambua maumbo haya. Katika hati rasmi tunayoiandika sisi, tufuate kawaida ya vitabu. Mkalimani anapofasiri maneno ya shahidi, asimpandishe wala kumshusha daraja kwa sababu ya *en* na *a*. Na mwalimu asiweke alama nyekundu bila kueleza kwamba umbo hilo lina wenyewe.

Kuhusu tahajia, kamati ilipitia madaftari ya mazoezi na kukuta makosa yaleyale. Kubwa ni herufi kubwa: sisi huandika Kiswahili, Mtanzania, Januari, na mkono umezoea. Katika Kihispania majina ya lugha, ya wenyeji na ya miezi huanza kwa herufi ndogo: *suajili*, *tanzano*, *enero*. Mtanzania ni *tanzano*, Mganda ni *ugandés*, Mnyarwanda ni *ruandés*. Zanzibar huandikwa *Zanzíbar*, kwa sababu mkazo uko kwenye silabi ya pili kutoka mwisho na neno linaishia na konsonanti isiyo *n* wala *s*. Kwa mtu wa Guinea ya Ikweta tumieni *ecuatoguineano*. *Guineano* peke yake humwacha msomaji akijiuliza kama ni wa Malabo, Conakry au Bissau, miji ya nchi tatu tofauti zenye jina la Guinea.

Neno *solo* limezua ubishi kuliko yote. Tahajia ya mwaka 2010 ilishauri liandikwe bila alama ya mkazo hata likiwa na maana ya «tu» badala ya «peke yake». Mwaka 2023 Akademia ya Madrid ilifafanua kwamba mwandishi anayeona hatari ya utata anaweza kuiweka alama hiyo. Katika machapisho yetu tusiiweke. Sentensi ikiwa na utata, ipangwe upya.

Kuna pia jambo la maktaba yetu. Kamusi za zamani ziliyahesabu *ch* na *ll* kama herufi zinazojitegemea, hivyo *chocolate* liko baada ya maneno yote ya *c*. Akademia ziliamua mwaka 1994 kuzipanga ndani ya *c* na *l*, na tangu 2010 alfabeti ina herufi 27. Wanafunzi wamekuwa wakifungua kamusi ya zamani, wanalikosa neno na kuirudisha rafuni. Mkutubi ameombwa abandike karatasi ndani ya jalada la kila kamusi iliyotoka kabla ya mabadiliko hayo.

Yote haya nayasema nikikumbuka historia yetu wenyewe. Usanifishaji wa Kiswahili, kuanzia mkutano wa Mombasa wa 1928 na kamati ya lugha ya 1930, ulichagua Kiunguja, na Kimvita chenye ushairi wake mkubwa kikabaki pembeni. Akademia za Kihispania nazo zilimsikiliza Madrid peke yake kwa muda mrefu mno. Tangu kamusi ya mashaka (inayojibu maswali ya matumizi ya lugha) ya 2005, sarufi ya 2009 na tahajia ya 2010, kazi kubwa hutolewa kwa jina la akademia zote, na kamusi huonyesha neno ni la nchi gani badala ya kulifuta. Naona njia hiyo ni ya haki zaidi, na wenzetu wa mabaraza ya Kiswahili wana la kujifunza hapo.

Kwa mwaka ujao, kila tawi likusanye vikaratasi vya maneno ya Guinea ya Ikweta kutoka vitabu na magazeti. Kila kikaratasi kiwe na neno, sentensi nzima lilimotokea, jina la chapisho, nchi, mwaka na ukurasa. Neno litapelekwa mbele likiwa na mifano isiyopungua mitatu ya waandishi tofauti; mifano mitatu ya mwandishi mmoja ni shahidi mmoja. Mazungumzo yaliyorekodiwa yaandikwe pembeni, kwa ridhaa ya msemaji na bila jina lake. Kisichojulikana kiachwe wazi, kwa sababu mwaka wa kubahatisha huharibu faili zima. Vikaratasi vimfikie katibu mwezi mmoja kabla ya mkutano mkuu ujao.

Wasalaam,
Mwenyekiti