Barua ya wazi kwa Mkuu wa Daftari la Usajili wa Ndege: tufungulie jalada kabla hatujalipa

Mheshimiwa Mkuu wa Daftari,

Ndege niliyonunua ina injini moja na viti vinne, na huu ni mwezi wa tisa haijanyanyuka. Si mbovu. Fundi ameikagua, kumbukumbu zake za matengenezo zimetimia tangu ilipotoka kiwandani, na bei nililipa yote. Kinachokosekana ili ofisi yako iiandikishe kwa jina langu ni karatasi moja ya zamani: hati ya mauziano kati ya mmiliki wa pili na wa tatu. Huyo wa pili ilikuwa kampuni, na kampuni yenyewe ilishafutwa. Sasa saini nikaitafute kwa nani?

Najua nitaambiwa mnunuzi ndiye wa kujihadhari. Nilijihadhari kwa namna niliyoijua. Muuzaji alinionyesha cheti cha usajili chenye jina lake na muhuri wa ofisi yako, nami nikakichukulia kama hati ya nyumba. Kumbe sivyo. Mkataba wa Chicago wa 1944, ule wa kimataifa wa usafiri wa anga, unasema ndege ina uraia wa nchi ilikosajiliwa, na haiwezi kusajiliwa kihalali katika nchi mbili kwa wakati mmoja. Cheti, basi, kinataja uraia wa ndege. Mali ni ya nani, hilo ni swali jingine. Marekani wameliweka hilo katika sheria yao: cheti cha usajili si ushahidi wa umiliki pale umiliki unapobishaniwa. Lakini hawakumwacha mnunuzi gizani, kwani yeyote anaweza kuomba nakala ya jalada la ndege, mauziano na rehani zilizoandikishwa, kabla hajalipa.

Jalada la aina hiyo ofisi yako inalo. Mimi niliambiwa nitaliona nikishakuwa mmiliki. (Na kosa langu nalikubali: fedha zilipaswa kukaa kwa wakili hadi daftari lisome jina langu.)

Nilipoliona hatimaye, nikakuta pia rehani. Mkopo ulilipwa zamani, benki iliyokopesha ikamezwa na nyingine, na barua ya kuifuta rehani haikuletwa kamwe. Benki ya sasa inasema haina kumbukumbu ya deni hilo, hivyo haiwezi kuandika kwamba limelipwa. Ofisi yako inasema bila barua, rehani iko hai.

Wapo wanaonielekeza kwenye daftari la kimataifa la rehani na haki nyingine juu ya ndege, lililotokana na Mkataba wa Cape Town wa 2001, ambalo tangu 2006 mtu hulipekua kwa mtandao. Ni kitu kizuri kwa wenye ndege kubwa. Itifaki yake, yaani nyongeza ya mkataba huo inayohusu ndege, inagusa ndege zinazobeba watu wasiopungua 8 pamoja na wahudumu, au mzigo unaozidi kilo 2,750. Yangu haimo. Sisi wa ndege ndogo tegemeo letu ni daftari lako peke yake.

Kwa hiyo naomba jalada lifunguliwe kwa anayekusudia kununua, kwa ada mtakayoona inafaa. Rehani ya zamani nayo iwekewe utaratibu: benki, au iliyoirithi, ipewe ilani yenye siku zilizotajwa, na ikinyamaza, rehani ifutwe. Penye hati iliyopotea, kiapo cha muuzaji na tangazo la wazi vikubaliwe iwapo hakuna aliyejitokeza kudai. Siombi mlegeze mkono. Ndege za wizi zipo, na daftari legevu ni karamu ya matapeli. Ila leo mwenye karatasi pungufu na mwizi wanapewa jibu moja, “haijakamilika,” bila kuambiwa kitakachokamilisha.

Kuhusu ndege yangu, nijibiwe jambo moja kwa maandishi: ni amri ipi ya mahakama ofisi yako itaikubali badala ya saini ya kampuni isiyokuwepo tena? Wakili wangu ameshaandaa shauri, na anasubiri jibu hilo ili ajue aombe nini.

Wako mtiifu,
Mnunuzi wa ndege ya viti vinne