Mkono wa kushoto

Mwanangu,

Salamu zako nimezipata, na ombi lako la kinanda kipya nimelisoma mara mbili. Mamako asema nikutumie pesa tu, yaishe maneno. Mimi nina langu kwanza.

Waikumbuka ile harusi ya mtaani Kuze, Mombasa, ulipokuwa ukinibebea waya? Kitufe cha mdundo kilikwama katikati ya wimbo. Ngoma na besi zikanyamaza mara moja, ukabaki mkono wangu wa kulia ukitambaa peke yake, na wa kushoto nimeuweka pajani kama mgeni angojaye kahawa. Kina mama wakacheka. Nawe ukajitia wakunja waya. Miaka yote ile nikilipwa kupiga kinanda, kumbe nusu yake ikipigwa na mashine.

Sasa msikilize Jimmy Smith, Mmarekani. Naye alianza utotoni na babake, wakiimba na kucheza vilabuni. Alikuwa mpiga piano, hadi alipomsikia Wild Bill Davis kwenye ogani ya Hammond. Akanunua yake, akaenda kujifungia nayo kwenye godauni. Hebu fikiria godauni la Shimanzi, na ndani yake kinanda cha karibu kilo 200! Safu mbili za vibonye, kila moja 61, na chini pedali 25 za miguu. Besi hakumwachia mtu, aliipiga mwenyewe kwa mkono wa kushoto na miguu. Zile pedali alizichora, akabandika mchoro ukutani, asiiname kutazama miguu. Karibu mwaka mzima hivyo. Mwaka 1956 kampuni ya santuri ya Blue Note ikatoa santuri yake ya kwanza, na wapiga Hammond wengi wa jazi waliokuja baadaye walipimwa kwake. Hata "Bad" ya Michael Jackson ya 1987, unayodhani waijua yote, ile ogani iliyomo kaipiga yeye.

Hicho kinanda chako nimekwenda kukitazama dukani. Bei yatisha, na sifa yake kubwa ni midundo ya tayari. Ndiyo iliyonimaliza mimi.

Kile changu cha zamani kiko uvunguni hapo kwa shangazi yako. Kitoe, kipanguse vumbi. Kitufe bado kimekwama, ndipo kitakufaa. Nirekodie wimbo mmoja, mkono wa kushoto peke yake, unitumie kwa WhatsApp. Nikisikia besi, pesa utazipata jioni hiyo hiyo.

Mamako usimwambie nimekuwekea sharti.

Babako