Nimekunywa chai tu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wa barua, najua ndefu huwa mnazikata lakini hii msiikate sana ni mambo ya tumbo. Ukurasa wenu wa afya nausoma kila unapotoka, na kila mkiandika habari za kifungua kinywa picha mnayoweka ni ileile, bakuli la shayiri ya pakiti, maziwa, stroberi mbili juu na parachichi limepambwa kama bibi harusi. Parachichi tunalo bana tena likiwa msimu la kumwaga, ila hizo stroberi mi tangu nizaliwe sijamuona mtu wa Keko anazila asubuhi.

Mimi ni fundi seremala hapahapa Keko, vitanda, makabati, milango, huu mwaka wa 22. Kupima ndo kazi yangu, mbao ya mninga ukikosea nusu inchi tu ushatia hasara na mteja hakuelewi. Futi iko mfukoni saa zote mpaka watoto wananitania. Ila chakula nilikuwa sijawahi kukipima hata siku moja, nilikuwa nakula mpaka sahani iwe nyeupe basi.

Sa mwaka jana tarehe 14 Novemba, ile siku ya kisukari duniani, walikuja watu wa afya wakafunga hema jirani na karakana zetu wanapima sukari na presha bure, na cha bure nani anakataa, tukaacha mashine tukapanga foleni. Nesi binti mdogo tu, umri wa mwanangu wa kwanza, akaniuliza baba umekula chochote leo? Nikamjibu kwa kujiamini kabisa, hapana mwanangu sijala, nimekunywa chai tu. Akanitoboa kidole kipimo kikasoma 10.4 (wanapima kwa milimoli kwa lita). Akakiangalia kile kimashine akaniangalia na mimi. Chai na nini baba? Nikamwambia chai na chapati mbili na supu ya kongoro bakuli moja, na alfajiri kabla sijatoka nyumbani nilikunywa ya kwanza na maandazi matatu. Foleni nzima nyuma yangu ikacheka, ila nawajua wale, wote walikuwa washakunywa "chai" kama yangu na wengine waliongezea sambusa.

Akaniambia nirudi kesho yake sijatia kitu mdomoni tangu usiku, hata hiyo chai. Nikarudi, ikasoma 6.4. Akanielewesha taratibu kwamba kwa mtu ambaye hajala kuanzia 7 na kupanda, ikirudiwa ikatoka hivohivo, ndo kisukari chenyewe, kwaiyo mimi sijaingia ndani ila hodi nishapiga.

Hapo ndo nilipoanza kuliwaza hili neno. Sisi hatuli asubuhi, tunakunywa chai. Vinavyoshushwa na hiyo chai vinaitwa vitafunwa, yaani vya kutafuna tu kama vile havifiki tumboni. Uji tunakunywa. Supu nayo tunakunywa, hata kama ndani ya bakuli kuna mfupa wenye nyama ya kumshibisha mtu. Alafu kuna chai ya saa nne, hii ndo balaa maana anayekunywa saa kumi na mbili nyumbani ndo huyohuyo anakunywa tena saa nne kazini na zote anaziita chai. Kwaiyo mtu kuanzia alfajiri mpaka saa sita anakunywa tu, ikifika saa saba anakaa kwa mama ntilie anasema jamani nina njaa leo sijala kitu. Na wala haongopi! Kwa Kiswahili chetu kweli hajala.

Nikasema ngoja nipime kama fundi. Nikanunua sukari robo kilo dukani, nikachukua kijiko chetu kilekile cha nyumbani nikawa nachota kama tunavochota siku zote, yaani kile cha kilima, namwaga kwenye bakuli nahesabu. Vikatoka vijiko 33. Gawanya mwenyewe, kijiko kimoja ni gramu saba na nusu hivi, wakati kijiko wanachokisema wataalamu, kile cha kusawazisha, ni kama gramu 4. Mimi natia vijiko vitatu kwa kikombe, na vikombe ni vitatu kabla ya adhuhuri. Hiyo ni gramu 67 na ushee. Shirika la Afya Duniani toka mwaka 2015 linasema sukari ya kuongeza isizidi asilimia 10 ya nguvu anayopata mtu kwenye chakula cha siku nzima, ambayo kwa mtu mzima wa kawaida ni kama gramu 50, na ukiweza kushuka mpaka 25 ni bora zaidi. Mimi nilikuwa nimeshaipita kabla hata ya soda ya mchana, na chupa moja ya soda ile ya kawaida inabeba gramu 30 na kitu peke yake.

Chapati nazo. Mama watoto akitumia kilo moja ya unga zinatoka 12, kwaiyo mbili ni gramu 160 na zaidi za ngano kavu, bado mafuta, na mafuta gramu kwa gramu yana nguvu mara mbili na zaidi ya huo unga. Mtu akiniambia asubuhi nikate mkate katikati nile nusu nzima nitamwambia mi si tembo. Lakini chapati mbili za kibandani nyembamba zimekunjwa vizuri, zile unamaliza wakati bado unasubiri supu.

Sasa nije kwenye lililonifanya niandike. Kule kliniki nilikoelekezwa nilipewa karatasi ya lishe, nzuri ina rangi, ila imejaa gramu na kalori na picha ya sahani imegawanywa kwa mistari, nusu mboga za majani, robo protini, robo wanga. Sikatai, ndo ukweli wenyewe. Tatizo hiyo sahani ni ya mtu mmoja. Nyumbani kwangu ugali unakuja mmoja kwenye sinia, umesimama kama kichuguu, tumekaa watu sita, kila mtu anamega upande wake, mboga bakuli moja katikati. Hapo robo yangu iko wapi? Nitachora mstari na penseli ya fundi?

Nikamuuliza dada wa lishe akacheka, akaniambia weka karatasi pembeni tumia mkono. Ugali au wali usizidi ukubwa wa ngumi yako, nyama au samaki upana na unene wa kiganja bila vidole, mboga za majani viganja viwili vikiwa wazi, mafuta ncha ya kidole gumba. Mkono ni wa kwako kwaiyo mwili mkubwa mkono mkubwa, mtoto mkono mdogo. Nikamuonesha ngumi yangu hii ya miaka 22 ya nyundo, akasema baba hiyo usiitanue tu.

Nikarudi nyumbani nikakaa na ugali. Nilimega matonge yangu ya kawaida nikayakandika pamoja mpaka yakalingana na ngumi, yakaingia sita. Siku ya pili nikala kama nilivozoea huku nahesabu kimoyomoyo, nikafika 19 ndo nikanawa. Ngumi tatu na chenji! Tangu hapo sina haja na gramu, nahesabu matonge. Wali nahesabu upawa, wa kwetu ukiujaza bila kilima ni ngumi moja. Watoto wameshajua, nikinyoosha mkono mara ya saba yule mdogo anasema baba saba hiyo.

Na kuna kitu sijakiona kwenye karatasi yoyote. Marehemu baba alikuwa seremala pia, ila yeye mbao alikuwa anapasua kwa msumeno wa mkono na randa ya mkono, jasho mpaka kwenye ndala. Ugali ule alikuwa anautumia wote. Mimi siku hizi mbao inaingia kwenye mashine inatoka nyororo, nasukuma tu, saa nyingine nimekaa kwenye stuli namsubiri mteja. Kazi ya baba nimempa mashine ila matonge ya baba nimeyarithi yote 19. Kwaiyo sisemi kila mtu apunguze, kuna kijana hapa anabeba mbao kutoka kwenye fuso kutwa nzima, huyo ukimwambia matonge sita atakupiga nayo.

Kugumu kwenyewe ni kwa mama ntilie. Nusu ipo siku zote na bei yake inajulikana, lakini mwanaume mzima ukisema niwekee wali nusu mboga nyingi, benchi zima linageuka, fundi leo hela imekata? Wiki ya kwanza nilikuwa naagiza sahani nzima namuachia kijana wa karakana nusu, sababu ya aibu tu. Na mama mwenyewe naye anaona akikupimia kidogo utamuita mchoyo, anakurushia upawa wa juu wa bure, mpaka ukataze kwa mkono juu ya sahani.

Asubuhi siku hizi nakunywa moja tu, ya saa mbili. Chai kijiko kimoja cha kusawazisha (wiki mbili za mwanzo niliona kama nakunywa maji ya betri, sa hivi ya watu wengine naona kama sharubati), kipande cha muhogo wa kuchemsha au kiazi kitamu cha ukubwa wa ngumi, na yai au kiporo cha maharage ya jana. Jumamosi supu na chapati moja, hiyo siachi. Hakuna cha ajabu wala cha kuagiza nje, magimbi, mbaazi, karanga, uji wa dona usiozamishwa kwenye sukari, vyote viko sokoni Temeke Sterio pale.

Kwaiyo ombi langu mhariri, mkiweka picha tena mpigeni picha mama yeyote wa kibandani, wekeni chapati, wekeni supu, wekeni kijiko cha kilima na cha kusawazisha pembeni pembeni watu waone, na andikeni kwa tonge na upawa. Alafu mtaalamu wenu anijibu swali moja ambalo hata dada wa lishe lilimshinda kidogo: Ramadhani ikifika sinia la futari linakuwa na magimbi, tambi, viazi, kalimati, uji, vyote ni wanga na vyote vidogovidogo, na tumekaa watu nane, gizagiza, na umeme umekatika. Hapo nahesabu nini?

Ni mimi fundi seremala,
Keko, Dar es Salaam